Mtungi Juu ya Mlango

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Kaeni. Wale mliosimama mlangoni ingieni, nafasi bado ipo huku mbele. Asubuhi hii tumesoma agizo la kuwaheshimu wazazi. Sote tunalijua tangu utotoni, wala sina haja ya kulirudia. Kwa hiyo leo sitaanza na agizo. Nitaanza na nyumba.

Nyumba hiyo iko hapa hapa Dodoma. Majina ya watu wake nimeyabadili, na wenyewe nimewaomba ruhusa. Mke wa nyumba hiyo aliniambia, "Mchungaji, sema. Labda yuko mwenzangu mmoja atakayesikia." Basi nasema.

Mume tumwite Lwitiko, mke tumwite Atuganile. Walijenga kwa miaka saba, kama tunavyojenga wengi wetu: mwaka huu msingi, mwaka kesho ukuta, bati litakapopatikana. Ramani waliipata imeshachorwa kwa ajili ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amepanga kuweka kiyoyozi sebuleni. Ndiyo maana juu ya mlango wa kwenda vyumbani, karibu kabisa na dari, fundi aliacha shubaka. Mnajua shubaka? Ni ule uwazi unaoachwa ndani ya ukuta, usiotokea upande wa pili, mahali pa kuwekea vitu. Mashubaka mengi huwa usawa wa mkono. Unaweka taa, unaweka kitabu, ukikihitaji unakichukua. Hili lilikuwa juu mno. Lwitiko ni mtu mrefu, lakini hata akipanda kwenye kiti vidole vyake viliishia ukingoni. Kiyoyozi hawakununua. Shubaka likabaki limeachama.

Sasa Atuganile ni mshonaji wa mapazia, na wateja wake hupokelewa pale pale sebuleni. Mteja akiingia anaangalia mapazia ya mwenye nyumba kabla ya kuagiza ya kwake. Kwa hiyo sebule ile kwake haikuwa sebule tu, ilikuwa duka. Na kila mteja akikaa kwenye kochi, macho yanapanda. "Na pale juu mtaweka nini?" Akija wa pili, swali ni lile lile. Mama yule akawa hana raha. Aliniambia alikuwa akikaa kula, analiona shubaka linamtazama kama pengo kwenye meno ya mbele.

Akajaribu. Akaweka maua ya plastiki. Mnalijua vumbi letu la Dodoma. Baada ya mwezi maua yalikuwa na rangi ya barabara, na kuyafuta ni mpaka ukaazime ngazi kwa jirani. Akayatoa. Akaweka saa, lakini ilikaa ndani mno, ukitaka kujua muda ilibidi urudi nyuma mpaka kwenye mlango wa nje. Akaitoa. Akazungushia taa ndogo za rangi zinazowaka na kuzima. Lwitiko akarudi kazini, akasimama, akamwambia, "Mke wangu, mimi ni mzee wa kanisa. Watu watadhani tumefungua baa." Zikatolewa na hizo.

Mambo yalikuwa hapo wakati simu ilipopigwa kutoka Kyela. Baba yake Lwitiko alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alibaki peke yake kwenye migomba. Jirani akasema, "Mama yako ameanguka mara mbili wiki hii. Ya pili alikaa chini pale pale mpaka tulipompitia. Njoo umchukue." Lwitiko akaenda.

Mama huyo tumwite Mama Tumpale. Hakusumbua. Kuku aliwagawa, migomba akamwachia mdogo wake, kitanda akamwachia huyo huyo. Kitu kimoja tu alisema hakiachwi: mtungi wake wa maji. Ulikuwa mtungi wa wastani, tumbo la duara, shingo fupi, na shingoni mistari ya udongo mweupe. Ulifinyangwa na wanawake wa kule ziwani, akaununua mwenyewe siku za ujana wake. Kwenye basi watu walimwambia, "Bibi, tuuweke kwenye buti." Akakataa. Aliufunga kanga, akaupakata kutwa nzima mpaka Dodoma.

Alipofika, Atuganile alimpokea vizuri. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshaanza kumtafutia mkwe kosa. Alimpikia, alimshonea mapazia ya chumba chake kwa kitambaa kizuri kuliko alichotumia sebuleni, alimnunulia viatu laini kwa ajili ya miguu yake iliyovimba. Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya kusuluhisha wakwe na mama wakwe. Huyu ningemwonyesha wengine kama mfano.

Mtungi ukawekwa kwenye kona ya jikoni, juu ya ngata ya kitambaa kilichozungushwa. Kila jioni mama alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayamimina mtungini, akafunika na sahani. Asubuhi yalikuwa ya baridi, ile baridi isiyouma, na yalikuwa na harufu ya udongo wa kwao. Alikuwa na kikombe chake cha bati. Kutwa nzima utamwona anapita, anachota, anakunywa, anakaa.

Pale jikoni kulikuwa pia na mashine ya maji, ile yenye dumu kubwa lililopinduliwa na koki mbili, nyekundu na bluu. Siku ya kwanza mama alibonyeza nyekundu, akaungua vidole. Siku ya pili alibonyeza bluu, meno yakamuuma mpaka akashika shavu. Hakulalamika. Hakuigusa tena, basi.

Siku moja akaja mteja kupimiwa mapazia. Akasikia kiu, akamfuata Atuganile jikoni, akauona ule mtungi. Akapiga kelele kama aliyeona mtoto mchanga. "Jamani! Mtungi kama huu mnauficha jikoni? Huu ni wa kuonyesha watu!"

Atuganile akautazama mtungi kama ndiyo kwanza anauona. Kisha, aliniambia mwenyewe, kichwa chake kikageuka kuelekea sebuleni, kikapanda juu ya mlango.

Jioni yake alimkalia mama mkwe wake karibu, kwa adabu kabisa. "Mama, mimi na mwanao tumefikiri. Mtungi wako tunataka tuupe mahali pa heshima."

"Heshima gani tena, mwanangu?"

"Sebuleni, mama. Pale juu. Kila anayeingia auone kwanza, ajue nyumba hii ina mama."

Mama Tumpale akautazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Kisha akasema, "Kama ninyi mnaona ni vyema."

Ndugu zangu, mmelisikia jibu hilo? "Kama ninyi mnaona ni vyema." Ninawauliza akina baba, ninawauliza akina mama: hiyo ni ndiyo? Mzazi wako akikuambia hivyo, amekubali, au amekuachia? Lwitiko na Atuganile walisikia ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu walilokuwa wanalitaka.

Fundi akaletwa na ngazi. Mtungi ukamwagwa maji, ukafutwa, ukaachwa juani siku mbili, kisha ukapakwa vanishi ung'ae. Ukapandishwa. Fundi akaweka kitaa kimoja kidogo nyuma yake, kisichowaka na kuzima, mwanga wa njano tu. Na kwa kweli ulipendeza. Shubaka lililosumbua miaka yote lilikuwa kama limejengwa kwa ajili ya mtungi ule. Mteja akikaa, macho yakipanda, yanatulia. Haulizi tena mtaweka nini. Anauliza mmeutoa wapi.

Na mimi nilikwenda. Hili silifichi. Walifanya ibada ya nyumbani, tukaimba, tukanywa chai, na mimi nikasimama na kikombe mkononi, nikanyoosha kidole juu ya mlango, nikasema mbele ya watu thelathini, "Mnaona? Hivi ndivyo mzazi anavyoheshimiwa." Watu wakapiga makofi. Mama Tumpale alikuwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, chenye mito miwili, miguu juu ya stuli. Akatabasamu. Mimi nilidhani anatabasamu kwa furaha. Sikumuuliza.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hayakuja kwa kishindo.

Mtungi ulipotoka jikoni, mama hakuwa na sababu ya kuingia jikoni. Zamani alikuwa anaingia kuchota maji, na akishaingia anagusa hili na lile, anamenya kitunguu, anaonja mchuzi. Sasa akionekana mlangoni, Atuganile anasema kwa upendo, "Mama, acha, mama. Kapumzike. Umefanya kazi miaka mingi." Akichukua ufagio, Lwitiko anaupokea. "Mama, unataka watu waseme tunakutumikisha?" Anarudi kwenye kiti chenye mito miwili. Chai anapewa asubuhi. Maji anapewa wakati wa chakula, ya friji, anaonja kidogo anaacha. Muda mwingine wote anakaa.

Ukafika mwezi wa kumi, na jua la mwezi wa kumi mnalijua. Ukuta wenyewe unakuwa wa moto. Mama akaanza kuchoka. Midomo ikampasuka. Akaacha kusimulia habari za Kyela. Siku moja alitia chumvi kwenye chai akainywa. Siku nyingine Lwitiko aliingia, mama akamwita kwa jina la marehemu mume wake, akamuuliza kama ng'ombe wamerudi. Lwitiko akatoka nje akalia nyuma ya nyumba.

Wakaniita. Nilifika, nikamtazama, nikawaambia, "Ni uzee, watoto wangu. Mshukuruni Mungu kwamba amezeeka mikononi mwenu." Nikamwekea mikono, nikamwombea uzee wa amani. Neno uzee ni rahisi sana kulitamka. Ukishalitamka huhitaji tena kuuliza chochote. Nilikunywa glasi mbili za maji mle ndani siku ile, ya friji, baridi kabisa. Nilikuwa na kiu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Atuganile alimpelekea chai akamkuta hawezi kuamka. Anaita, mama anafungua macho, anafumba. Wakamkimbiza hospitali. Alilazwa, akapimwa, akawekewa dripu. Muuguzi wa wodi ile alikuwa dada mmoja mwenye umri wa makamo, mchapa kazi, asiye na maneno mengi. Alimbana mama ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama vile vile, haikurudi. Akawageukia mtu na mkewe.

"Bibi huyu anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Lwitiko akamtazama mkewe. Atuganile akamtazama mumewe.

"Anakunywa," Lwitiko akasema.

"Nimeuliza kiasi gani."

Ndugu zangu, hawakujua. Watu waliojua mama anapenda rangi gani ya mapazia. Watu waliojua saizi ya viatu vyake. Mnajua ninyi? Wewe hapo, mama yako anakunywa maji kiasi gani? Aliyekuzaa alikuwa anajua umenyonya mara ngapi, na titi gani. Nakuuliza wewe sasa.

"Ana maambukizi," muuguzi akasema, "lakini kilichomlaza ni ukosefu wa maji. Amekauka. Si wa jana wala wa juzi."

Walimkesha kwa zamu. Siku ya tatu, mchana, dripu ya nne au ya tano, mama akafungua macho na macho yakawa yake. Muuguzi akafurahi, akamwinamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, umetutisha. Mbona hunywi maji?"

Mama Tumpale akasema kwa sauti ndogo lakini iliyo wazi, "Mtungi wangu uko juu."

Muuguzi akacheka kwa upole, kama tunavyowacheka wazee. Akadhani bado anaweweseka. "Juu wapi, bibi? Mbinguni?"

"Juu ya mlango."

Muuguzi akamgeukia Atuganile, akatikisa kichwa, akanong'ona, "Bado hajakaa sawa. Atarudi taratibu."

Na katika wodi nzima ile, yenye wagonjwa na wauguzi na watu waliokuja kuona wagonjwa, ni watu wawili tu waliojua kwamba bibi yule ana akili timamu kuliko wote. Atuganile alijifunika uso kwa kanga. Lwitiko alitoka nje, hakuaga.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Aliazima ngazi kwa jirani, akapanda mwenyewe, na nguo zake za kazini, akauteremsha mtungi. Akauosha, akachemsha maji, akayapooza, akayamimina. Mama aliporudi siku ya pili yake, mtungi ulikuwa jikoni, kwenye kona, juu ya ngata mpya. Lwitiko akachota, akapiga magoti, akampa.

Mama akanywa funda moja. Akashusha kikombe.

"Ya moto," akasema.

Lwitiko akagusa mtungi. Ulikuwa mkavu, laini kama sahani. Alikuwa hajui, na mimi pia nilikuwa sijui mpaka niliposimuliwa: mtungi hupoza maji kwa sababu unatoa jasho. Udongo unapumua, maji kidogo yanapenya nje, upepo unayachukua, na yaliyobaki ndani yanapoa. Walipoupaka vanishi waliuziba pumzi. Walipata mtungi mzuri zaidi, na haukuwa mtungi tena.

Lwitiko akaanza kulia, mtu mzima. "Mama, nisamehe. Mtungi wako nimeuua."

"Inuka, mwanangu. Udongo haujaisha duniani."

Atuganile akakaa sakafuni, karibu na miguu ya mama mkwe wake. "Mama, kwa nini hukusema? Neno moja tu ungesema. Siku ile ile ningeuteremsha."

Mama Tumpale akasema, "Mlikuwa mnafurahi. Kila mgeni akija mnanionyesha kwake. Nikasema, nikidai kikombe cha maji nitawaharibia. Nitaonekana sijui kuheshimiwa."

Mnasikia? Mama huyo aliona afadhali akauke kuliko kuharibu heshima tuliyompa. Heshima gani hiyo?

Lwitiko akajipangusa uso. "Kesho nitapiga simu Kyela. Wataweka mwingine kwenye basi, keshokutwa utakuwa hapa."

"Mtungi hauagizwi kwa simu," mama akasema. "Unagongwa kwa kidole, unasikilizwa. Ukiwa na ufa unakuambia wenyewe. Ninyi hamtasikia." Akamtazama mwanawe, kisha mkwe wake. "Nitumeni mimi."

Hawakuelewa. Mzazi hutuma, hatumwi.

"Nitumeni sokoni," akasema tena. "Hata hapa Dodoma wafinyanzi wapo. Tangu nimefika katika nyumba hii hakuna aliyenituma. Hata kuchambua mchele. Hata kumwita mtu nje. Mmenipa kila kitu, watoto wangu, nawashukuru. Lakini nimekaa kwenye kile kiti, naona kila mtu anahitajika isipokuwa mimi."

Atuganile aliniambia kwamba katika maisha yake amepigwa, amefiwa, amedharauliwa na watu, lakini hakuna neno lililomwingia kama hilo. Aliinuka, akaenda jikoni, akachukua ungo, akaujaza mchele, akarudi. Mkwe anamtumaje mama mkwe wake? Mwishowe akapiga magoti, akaunyoosha ungo.

"Mama, naomba unichambulie mchele. Nimechelewa kupika."

Mama Tumpale akaupokea ungo. Akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha vidole, akasema, "Huu mchele mmeuziwa na nani? Nusu yake mawe." Hakuna aliyekuwa amemsikia akilalamika tangu alipofika. Atuganile akacheka na kulia kwa pamoja.

Wiki iliyofuata, miguu ilipopata nguvu, walikwenda sokoni wawili hao. Mama aligonga mitungi kumi na minane. Wauzaji walikasirika. Aliuchukua wa kumi na tisa, mbaya kwa sura, mweusi upande mmoja mahali moto ulipozidi. Maji yake, mimi nimeyanywa, ni matamu. Lile shubaka sasa lina sufuria kubwa za shughuli na mashine moja mbovu ya kushonea. Mteja akiuliza, Atuganile anamwambia ukweli: ni stoo.

Basi, ndugu zangu, sisi je?

Msiondoke hapa mkisema yule mkwe alikuwa mbaya. Hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya, mfano huu ungemhusu yeye na wenzake wabaya, na sisi tungekwenda nyumbani kula. Unatuhusu kwa sababu alipenda. Alipenda kama tunavyopenda sisi: kwa kuweka juu. Picha ya mama tumeiweka kwenye simu, ikifika siku ya akina mama tunaituma kwa watu mia mbili, na mama mwenyewe hatujampigia tangu Pasaka. Baba tumemjengea nyumba nzuri kijijini, hana wa kuongea naye humo. Tunasema, "Mzee wetu tumemweka vizuri." Sikilizeni neno lenyewe. Tumemweka. Kama chombo.

Kuheshimu mtu ni nini? Nimefikiri sana tangu siku ile ya hospitali, na sijafika mwisho. Ila hiki kimoja nakijua: ikiwa heshima uliyonipa imenitoa kwenye maisha yako, hujaniheshimu, umeniondoa njiani kwa adabu. Mungu wetu mwenyewe hakupenda kubaki juu akitazamwa. Alishuka, akala na watu, akaomba maji alipokuwa na kiu. Sisi ni nani hata tuwapandishe wenzetu mahali ambapo Mungu alikataa kukaa?

Na mimi mchungaji wenu nina zaidi ya kutubu, maana ninyi mlifanya majumbani, mimi nimefanya humu ndani. Tazameni hii safu ya mbele. Viti hivi vyenye vitambaa vyeupe tuliviweka kwa ajili ya wazee wetu. Kila mwaka tunawavisha vitenge, tunawapiga picha, tunawarudisha kwenye viti. Bibi Nyemo, umekaa hapo miaka kumi na miwili. Uliimba kwaya kabla sijazaliwa. Ulikuwepo kanisa hili likiezekwa kwa majani. Na leo asubuhi nilipokuwa najiandaa nilijiuliza: hivi sauti ya Bibi Nyemo ikoje? Nikatafuta kichwani, sikuipata. Nakusalimia kila Jumapili, nakushika mkono, nakupita.

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingine tatu. Naziacha.

Mzee Chilewa, tafadhali mpelekee kipaza sauti. Hapana, usimsimamishe, miguu inamuuma. Wewe ndiye uiname, hapo hapo alipo.

Bibi, shikamoo. Mimi nakaa sasa. Useme lolote unalotaka kutuambia, na kama kuna jambo tunalokosea, utuambie na hilo. Usiharakishe. Tutakungoja.